Niliogopa meno yatakuwa ya njano, kumbe shida yangu ilikuwa nyeupe

Waya za kunyoosha meno zilikaa mdomoni mwangu miezi 22, zimetoka miezi nane iliyopita, na mpaka leo mtu akijua kwamba niliwahi kuvaa swali lake la kwanza siyo kama zinauma wala zinakaa muda gani, ni hili hapa, kwani meno hayageuki rangi? Na wote wakisema rangi wanamaanisha njano. Siwalaumu maana hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, yani nilipoteza karibu mwaka mzima napigana na njano ambayo nusu yake haikuwepo, huku pembeni jino langu linageuka jeupe taratibu na mi nafurahia nikijua linang'aa.

Ngoja nianze mwanzo.

Braketi zangu, yani vile vipande vinavyobandikwa kwenye jino kushika waya, zilikuwa za kauri, zile zinazofanana na rangi ya jino, kwa sababu sikutaka mtu aone chuma nikiongea. Na vimpira vile vidogo vinavyoshikilia waya kwenye braketi nikachagua visivyo na rangi kabisa. Dada wa pale aliyekuwa ananiandaa aliniuliza mara mbili, una uhakika unataka hivi vya uwazi? nikasema ndio, na akanyamaza kile kimya cha mtu anayejua kitu. Siku ya nne nikala mchuzi wenye manjano, nikashushia chai ya rangi, jioni naangalia kioo nikataka kulia. Mdomo mzima njano! Siyo njano ya kawaida, njano ya kalamu ya kuwekea alama kwenye kitabu. Nikapiga picha na kumtumia dada yangu, akajibu "we mtoto umekula rangi ya ukuta?"

Kumbe ni vimpira. Vile vimpira ni plastiki inayovutika na inanyonya rangi kama sponji, na manjano ndio mbaya kuliko zote, halafu chai, kahawa, nyanya iliyokolea, vinywaji vya rangi. Kauri yenyewe haishiki rangi kirahisi hivyo, kinachoshika ni mpira na ile gundi inayochungulia pembeni ya braketi. Na vimpira vinabadilishwa kila ukienda kukaza, mi nilikuwa naenda kila baada ya wiki tano hivi, kwa hiyo hiyo njano haikuwa hata ya kwangu, ni ya kitu kinachotupwa kwenye ndoo. Ila huwezi kumwambia hivyo mtu anayejiangalia kwenye kamera ya simu saa nne usiku. Ningerudi nyuma ningechukua vya kijivu au bluu iliyokolea na maisha yangeendelea.

Basi mi nikatangaza vita. Nikanunua dawa ya meno iliyoandikwa inang'arisha, nikachukua na unga wa mkaa, nikawa nasugua asubuhi mchana jioni, na nasugua kweli kweli, kwa nguvu, kama nasugua sufuria iliyoungua. Unga wa mkaa nakwambia usijaribu ukiwa na waya, unaingia kwenye kona za braketi na hautoki, nilitembea siku mbili nina mistari myeusi kama mtu aliyetafuna penseli. Na zile dawa za kung'arisha nyingi zinafanya kazi kwa kukwaruza, yani zina chembechembe ngumu kuliko dawa ya kawaida, zinaondoa madoa ya juu juu, sawa, lakini ukisugua kwa nguvu ile niliyokuwa nasugua mimi unaumiza fizi na mzizi wa jino pale unapoanza kuonekana. Na rangi ya ndani ya jino haziigusi kabisa.

Kuna kitu kingine kilichonichanganya na sijawahi kuona mtu anakisema. Chonge langu la kushoto lilikuwa limepanda juu kabisa kwenye fizi, halionekani nikicheka. Waya kazi yake ilikuwa kulishusha likae kwenye mstari na wenzake. Mwezi wa tano tangu nivae likashuka, na mi nikaona lo! hili jino limekuwa la njano. Nikamlalamikia dokta, akacheka, akafungua mdomo wake akaniambia nimwangalie na yeye, chonge lake pia lilikuwa limekolea kuliko meno ya mbele. Kumbe chonge ni la njano kiasili kwa kila mtu, kwa sababu sehemu ya ndani ya jino, ile iliyo chini ya enameli, yani gamba gumu la nje, ndiyo yenye unjano, na kwenye chonge ni nene zaidi. Langu lilikuwa hivyo tangu lilipoota, tofauti ni kwamba zamani halikuwa limekaa jirani na jeupe. Nilikuwa nimelipia lishuke halafu naanza kuligombeza limeshukaje na rangi yake.

Njano nyingine ilikuwa ya kweli lakini nyepesi. Nyuma ya meno ya mbele ya chini kuna ugaga, ule uchafu uliokauka ukawa kama jiwe, unapenda kukaa pale kwa sababu mate yanatokea pale chini ya ulimi na yamejaa madini. Huo mswaki hautoi, unakwanguliwa kwenye kiti. Na kuna kipindi fizi zilivimba nikapewa dawa ya kusukutua ya klorheksidini, niliitumia siku kumi na nne, meno yakaota kahawia pembeni hasa mi na chai yangu. Nikajua sasa ndio mwisho. Wakapolishi dakika chache ikaondoka yote. Hiyo dawa inajulikana kwa tabia hiyo, ingekuwa vizuri tu mtu akiniambia kabla.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Mwezi wa saba hivi nikaona juu ya braketi ya jino la pembeni, lile la pili kutoka katikati, kati ya braketi na fizi, pameanza kuwa peupe. Kamstari kembamba kama mwezi mwandamo. Na mimi kwa akili zangu nikasema EHEE dawa ya kung'arisha imeanza kufanya kazi. Naapa. Nilimtumia dada picha nikaandika "ona matokeo". Nikaongeza juhudi.

Mwezi wa tisa nimekaa kwenye kiti, dokta ametoa waya ili abadilishe, akachukua ile bomba ya hewa akapuliza jino sekunde kama tano. Akanyamaza. Akapuliza la upande wa pili. Akaita yule dada aje aone. Hapo ukiwa umelala kichwa chini mdomo wazi huwezi hata kuuliza kuna nini, unaangalia taa tu. Akanipa kioo, akasema "haya angalia mwenyewe, nitakausha". Alipokausha ule mwezi wangu mwandamo ukawa mnene, ukawa kama chaki, hauna mng'ao kabisa, na kulikuwa na mwingine kwenye chonge, na mwingine kwenye jino la pili la kulia. Nikamwambia kwa fahari kidogo, ni dawa ya kung'arisha dokta. Akaniangalia kama mama anavyomwangalia mtoto aliyekunywa maji ya mafuriko.

"Hapa jino limeanza kuoza," akasema.

Nikasema haiwezekani, kuoza ni kweusi. Akasema kweusi ni mwisho wa safari, mwanzo wake ni hapo, peupe.

Alinieleza vizuri na mi niliuliza maswali mengi maana nilikuwa nimetetemeka, kwa hiyo nitajaribu kueleza nilivyoelewa. Enameli ni madini, kalsiamu na fosfeti, yamepangwa kwa kubanana sana. Kwenye jino lenye waya kuna kona nyingi ambazo ukoga unajificha, na ukoga siyo uchafu tu, ni bakteria walio hai, wanakula sukari unayokula wewe na wanatoa asidi. Kipimo cha asidi, ile pH, ambacho kikishuka ndiyo asidi inazidi, kikifika chini ya 5.5 hivi, madini yanaanza kutoka kwenye jino. Ukiacha kula, mate yanakuja yanapunguza ile asidi na yanarudisha madini, lakini siyo papo hapo, inachukua kama nusu saa mpaka saa nzima. Kwa hiyo jino lina mchezo wake wa kupoteza na kurudishiwa siku nzima, na kwa mtu asiye na waya mara nyingi linatoka sare. Ukiwa na waya ukoga unashika haraka, mate hayafiki vizuri kwenye zile kona, halafu ukiwa unakunywa kitu chenye sukari kidogo kidogo kila saa, jino halipewi hata nafasi ya kupumua. Ukoga ukikaa mahali pamoja bila kuguswa, wiki nne zinatosha doa kuanza kuonekana. Wiki NNE jamani, yani unaenda kukaza unarudi tayari umeshaanza.

Na kwa nini peupe? Hili ndilo lililonifurahisha japo nilikuwa nina huzuni. Enameli nzima inapitisha mwanga kidogo, ndio maana jino zuri lina ule mng'ao wa ndani. Madini yakitoka vinabaki vitundu vidogo sana chini ya uso wa jino, mwanga ukiingia unatawanyika huku na huku, na kitu kinachotawanya mwanga wote macho yetu yanakiona cheupe. Ni kama povu, sabuni iwe ya bluu au ya kijani povu lake litakuwa jeupe tu. Na kwa nini hewa inafanya doa lionekane zaidi? Jino likilowa vile vitundu vimejaa maji na mwanga unapita kiasi, likikauka vinajaa hewa. Chukua karatasi ilowe utaona upande wa pili, ikikauka inarudi kuwa nyeupe. Hivyo hivyo. Ndio maana asubuhi nikiamka nimelala mdomo wazi niliyaona meno "yameng'aa", nikanywa maji yakarudi, na mi nikawa nadhani ni dawa inafanya kazi usiku!

Doa lisiloonekana mpaka ulikaushe limeanza juzi juzi. Doa linaloonekana hata jino likiwa limelowa limekwenda ndani zaidi. Langu la jino la pili lilikuwa linaonekana limelowa.

Nilitaka kulaumu mtu. Nikauliza, ile asidi mliyonipaka siku ya kwanza ya kubandika braketi je, si ndiyo hiyo? Maana nilikumbuka wananipaka kitu cha bluu, wanasubiri sekunde kama 20 au 30, wanaosha. Akasema hapana, ile inakwaruza uso tu ili gundi ishike, na inapakwa palepale braketi inapokaa, na madoa yako angalia yalipo, yako nje ya braketi. Chini ya gundi ndiko jino lako lilikokuwa salama kuliko sehemu yoyote. Kweli. Nikaja kusoma baadaye kwamba ujanja wa kupaka asidi ili gundi ishike kwenye enameli aliutoa Michael Buonocore mwaka 1955, na kabla gundi haijazoeleka kila jino lilikuwa linavishwa pete ya chuma kuzunguka jino zima. Pete nzima! Mi nilikuwa nalalamika vimpira vya njano.

Sasa nilikuwa nakosea wapi na nilikuwa napiga mswaki mara tatu kwa siku? Nilipewa kidonge cha rangi nitafune, ukoga unashika rangi, meno yanabaki. Nikafungua mdomo... zambarau. Juu ya braketi palikuwa safi kabisa panameremeta, kwa sababu ndipo nilipokuwa nasugua kama sufuria. Kati ya braketi na fizi, zambarau tupu, meno yote ya juu. Nilikuwa nang'arisha kauri ya watu na kuacha jino langu. Na ile nguvu haikusaidia kitu, brashi ikibanwa kwa nguvu inagonga braketi na kurukia mbele, haiingii pale chini. Kinachotakiwa ni kuinamisha mswaki, kwanza uelekee kwenye fizi upite juu ya braketi polepole, halafu uinamishe upande wa pili upite chini yake, halafu kile kiburashi kidogo kama cha kusafishia chupa kipite chini ya waya kati ya jino na jino. Mara ya kwanza ilinichukua dakika kumi na mbili na fizi zikatoa damu. Baada ya wiki mbili damu ikakata, maana ilikuwa inatoka kwa sababu ya ukoga wenyewe, siyo mswaki.

Halafu chai. Mimi nakunywa chai yenye sukari, kikombe kimoja naweza kukaa nacho kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa sita, nafyonza kidogo, naandika, nafyonza. Dokta alipiga hesabu mbele yangu, akasema ungekunywa vikombe viwili kwa mkupuo ingekuwa nafuu kuliko hicho kimoja cha masaa matatu. Hili lilinikaa kichwani kuliko yote. Nilikuwa nahesabu sukari kwa vijiko, meno yanahesabu mara ngapi.

Upande wa dawa, alinitoa kwenye za kung'arisha akanirudisha kwenye ya kawaida yenye floridi, akasema nisome nyuma ya boksi kiasi cha floridi kiwe ppm 1350 mpaka 1500, halafu kwa kipindi akaniandikia ile kali ya 5000 ambayo ni ya cheti na siyo ya kuachia mtoto. Floridi inasaidia madini kurudi na yakirudi nayo yanakuwa magumu zaidi, yanavumilia asidi mpaka kama 4.5. Ila hapa kuna kosa nililokuwa nafanya maisha yangu yote, nikimaliza kupiga mswaki nasukutua na maji mara tatu nne mpaka mdomo uwe hauna ladha. Nilikuwa naitema floridi yote kwenye sinki. Unatakiwa uteme povu, basi, usisukutue. Siku za kwanza unajisikia kama umesahau kitu. Na dawa ya kusukutua yenye floridi itumie muda mwingine, mfano baada ya chakula cha mchana, siyo mara tu baada ya mswaki, maana floridi yake ni hafifu kuliko ya dawa ya meno na utakuwa unaosha kali kwa hafifu. Na ukila kitu kichachu, ndimu au soda, subiri nusu saa ndio upige mswaki, sukutua maji tu kwanza.

Pia alikuwa ananipaka vanishi ya floridi kila nikienda, inanata na ina rangi ya unjano kwa siku hiyo. Kwa hiyo nilitoka pale na meno ya njano na nikawa na amani, ona maisha.

Aliniambia kitu kingine kwa upole lakini nilikielewa, kwamba kama mwezi wa kumi na mbili madoa yameongezeka anatoa waya hata kama meno hayajamaliza kupangika. Wenzangu, hawatishii bure. Meno yaliyonyooka yenye matundu hayana maana kwa mtu yeyote, na mimi nilikuwa na mwaka mwingine mbele.

Hayakuongezeka. Ila hayakupungua pia, kwa macho yangu.

Siku ya kutoa. Braketi zinabanwa na koleo zinatoka tik, tik, hakuna maumivu ila kuna sauti mbaya ya kauri kuvunjika. Halafu gundi inasagwa na kichwa kidogo kinachozunguka, halafu polishi. Nikapewa kioo nikaona meno yamenyooka kama askari wa gwaride, na juu yake vile vimwezi vyangu vyeupe, vikubwa kuliko nilivyokumbuka. Nikasononeka. Dokta akasema umekaa mdomo wazi saa nzima, meno yamekauka yote, usihukumu leo, angalia kesho. Kesho yake kweli vilikuwa vimepungua nusu. Kwa hiyo wewe unayetolewa wiki hii usipige picha ya karibu ukiwa bado umekaa kwenye kiti ukaanza kulia, nakuomba.

Lile watu wanaloogopa, kwamba braketi itaacha mraba mweupe na pembeni njano, mimi halikunipata na nilivyoelezwa mara nyingi likitokea ni madoa ya juu ya chai na ukoga kuzunguka braketi, polishi inamaliza. Lakini nilipata kituko kimoja. Miezi miwili baada ya kutolewa, jino la mbele kabisa likatoa doa la njano lenye umbo la pembe, dogo, na kila wiki linakolea. Baada ya hekaheka zote za njano ya uongo, hii ilikuwa ya kweli! Nikarudi mbio. Ilikuwa gundi. Kipande kidogo kilichobaki siku ya kusaga, kikiwa kipya kinafanana na jino huwezi kukiona, kikianza kunyonya chai kinajitangaza. Dakika moja, zzzz, kwisha. Kama una doa la njano lenye kona kali mahali braketi ilipokuwa, kabla hujaenda kununua vitu vya kung'arisha, pitisha ukucha, ukisikia kiukwaru kidogo ni gundi.

Kung'arisha kwenyewe, ile ya dawa ya peroksaidi. Ukiwa na waya usifanye, dawa haifiki sawasawa kwenye jino lililofunikwa na braketi na gundi, na fizi zenyewe tayari zimechoka. Ukishatolewa na una madoa meupe kama mimi, kuna wanaong'arisha ili jino zima lifuate weupe wa doa, tofauti isionekane, na inaweza kufanya kazi, ila mwanzoni doa linaweza kuwa jeupe zaidi kabla mambo hayajakaa sawa, na jino linasisimka. Mimi niliambiwa nisubiri kwanza miezi kadhaa, nisiguse kitu, nipige mswaki na dawa ya kawaida, niache mate yafanye kazi yake. Nikauliza si unipake ile vanishi kali basi tumalize? Akakataa. Doa la mbele ukilipaka floridi kali sana sasa hivi uso wake unaweza kuziba haraka na weupe ukabaki umefungiwa ndani. Polepole ndio linajaza kutoka ndani. Sikuipenda hiyo habari, mimi siyo mtu wa kusubiri.

Likigoma kuna njia nyingine, wanapaka asidi kali kufungua uso wa doa halafu wanaingiza rezini, aina ya plastiki, nyembamba kama maji inanyonywa ndani ya vile vitundu. Kumbuka karatasi iliyolowa, ni hesabu ile ile, rezini inajaza pale palipokuwa na hewa, mwanga unapita, weupe unapotea pale pale kwenye kiti. Hakuna kuchoronga. Nimeona picha za kabla na baada nikatamani. Ila rezini haitoki tena, na jino likishajazwa hivyo haliwezi tena kujijaza lenyewe, kwa hiyo nimesema ngoja.

Kuna rangi mbili tu ambazo hata mimi nisingesubiri. Jino MOJA likianza kuwa la kijivu, au lina wekundu kama waridi unaotokea kwa ndani, na mengine yote yako sawa. Hiyo siyo chai wala ukoga. Mara nyingi ni jino lililowahi kugongwa zamani, ulianguka utotoni ukasahau, na mshipa wa ndani unakufa au umeshakufa. Usingoje miadi yako ya kukaza, piga simu siku hiyo hiyo. Na ukienda kuwekewa waya waambie kama uliwahi kuanguka, hata kama ni miaka ishirini.

Halafu piga picha za meno yako KABLA. Mwanga wa dirishani, mdomo wazi, jino moja moja. Mimi sikupiga, na nina doa dogo jeupe kwenye jino la chini ambalo mpaka leo sijui kama ni la waya au nilizaliwa nalo. Watu wengi wana madoa ya floridi ya utotoni, hayo huwa yanakuja kwa jozi, kulia na kushoto yanafanana, na yanakuwa popote kwenye jino, hayafuati mzingo wa braketi. Bila picha utabaki unabishana na kioo.

Wale wa treyi za plastiki, zile za uwazi za kunyoosha meno badala ya waya, nao msicheke sana. Rafiki yangu alikuwa anakunywa soda nazo zikiwa mdomoni, eti kwa vile hazionekani. Soda inaingia ndani ya treyi inakaa na jino, mate hayaingii. Hebu fikiria mwenyewe.

Wiki iliyopita nilikuwa na miadi ya kuangaliwa riteina, kile kifaa cha kushikilia meno yasirudi yalikokuwa. Dokta akachukua bomba ya hewa bila kusema kitu, mi nikashika mikono ya kiti. Kwanza akaangalia jino likiwa limelowa, kwa muda mrefu, akiinamisha taa. "Sioni kitu hapa," akasema, "ulikuwa wapi ule wa kwako?" Jino la pili kushoto, nikamwonyesha. Akapuliza, nikawa nahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, nne, kwenye tano akasema "aa, huyu hapa". Kwenye chonge ule haukutokea kabisa. Wa jino la pili upo, mwembamba, unakuja jino likikauka tu.

Akauliza nipulize tena uone kwenye kioo? Nikamwambia hapana asante, niache hivi hivi nimelowa.